Bi Siwatu Aenda Kuaga Macho

Hapo zamani, na asiniulize mtu zamani ipi, maana hadithi hii nimeanza kuikasirikia kabla hata sijaisema, palikuwa na mji uitwao Kishutu. Ulikuwa nyuma ya milima, mahali ambapo kipupwe kikiingia watu huamka wamejikunyata na hawanyooki mpaka saa nne. Na katika mji huo alikuwapo mama mmoja mpishi, jina lake Bi Siwatu.

Mpishi wa nini? Wa msafara. Kila mwaka watu wa Kishutu walikwenda na punda kuchota magadi ziwani, na kila mwaka Bi Siwatu alikwenda nao, yeye na chungu chake. Sasa ziwa lile lilikuwa nyuma ya ukingo mrefu wa mawe. Msafara ukifika chini ya ukingo, watu hutua mizigo, hujinyoosha, halafu hupanda juu kutazama heroe, wale ndege wa miguu mirefu wanaojaa ziwani mpaka maji hayaonekani. Bi Siwatu hubaki chini na moto. Wakishuka, wanamwambia, "Bi Siwatu, leo umekosa!" Kisha wanamwuliza, "Chakula tayari?"

Miaka thelathini! Miaka thelathini aliambiwa amekosa, na waliomwambia walikuwa wakilamba vidole vyenye mchuzi wake. Mtasema, kwani asingepanda siku moja? Angepanda, na maharage yangeungua, na watu thelathini wenye njaa hawana simile. Mnajua wenyewe.

Basi, mama akazeeka, macho yakaingia ukungu. Mganga akamfunua kope, akatazama, akasema, "Bi Siwatu, ona unachotaka kuona kipupwe hiki. Mvua za vuli zitakukuta gizani."

Kishutu walikuwa na mila yao. Mtu ambaye macho yake yanakwisha hupelekwa kuaga macho. Hupelekwa wakati wa kipupwe, mahindi yakiwa bado yanakauka shambani na punda hawana kazi. Hupelekwa mahali patatu penye kupendeza, na wanaochagua ni watu wake watatu, kila mmoja mahali pake. Safari ni siku kumi na mbili, haizidi, maana siku ya kumi na tatu punda wanatakiwa shambani.

Tena sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ilipo shida yote. Mwenye macho haruhusiwi kuchagua wala kutaja anachotaka. Akitaja, wanasema amejiitia giza mwenyewe. Na wale watatu, mmoja akishachagua, mwenzake haruhusiwi kulitia neno chaguo lile. Nani aliitunga mila hii, mimi sijui. Ila ninajua hakuwa anakaribia upofu.

Na safari ikiisha, langoni mwa mji, mwenye macho hushika kamba ya punda wake na kumkabidhi mmoja wa wale watatu. Atakayepewa kamba ndiye macho yake mpaka kaburini. Atamshika mkono, atakaa nyumbani kwake, atamwambia kuna jua au kuna mawingu, na atakachomwambia ndicho kitakachokuwa. Kwa hiyo si zawadi ile, jamani. Mama akimpa asiyefaa, atakuwa amekosea kila siku atakayoamka.

Watu wa Bi Siwatu walikuwa hawa: Mhina, mwanawe wa kwanza, bonge la mtu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Mwasiti, binti yake, mwenye huruma mpaka inakera. Na Sempombe, mtoto wa marehemu kaka yake, kiongozi wa misafara, ajuaye kila njia na asemaye maneno matatu kwa siku.

Siku ya kuchagua ikafika. Bi Siwatu alikatazwa kusema, sawa. Lakini hakukatazwa kupika. Akabandika maharage, akatia magadi, akaongeza magadi, akaongeza tena. Akawapakulia wote watatu, akakaa mbele yao akiwatazama wanavyotafuna.

"Mama, magadi yamezidi," akasema Mwasiti, akikunja uso.

"Eeh," akasema Bi Siwatu. "Magadi."

"Labda ni macho," Mhina akamnong'oneza dada yake, kwa sauti iliyosikika mpaka kwa jirani. "Haoni anachotia."

Sempombe peke yake ndiye aliyeacha kutafuna. Akamtazama shangazi yake, akateremsha tonge.

Mhina akachagua kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa. "Mimi nachagua Mlima Kidelema," akasema, "ule wenye kofia nyeupe kileleni. Hakuna mlima mkubwa kuliko ule. Mama yangu hataaga macho kwa kitu kidogo." Sempombe alijua kwamba wakati wa kipupwe mlima ule hujifunika ukungu kutwa nzima. Alijua. Akanyamaza, kwa sababu chaguo la mwenziwe halitiwi neno.

Mwasiti akafuata. "Mimi nachagua chemchemi ya maji moto ya Bombwe. Pana miamba, pana maua, na Mama atakanda magoti yake." Bi Siwatu akauma meno. Alikuwa anakwenda kuaga macho, si magoti!

Sempombe akasema, "Ziwani." Basi. Neno moja. Bi Siwatu akainuka haraka akaenda jikoni, na huko jikoni alilia mpaka upande wa kanga ukalowa.

Wakaondoka, watu wanne na punda sita. Siku ya pili wakafika chini ya Mlima Kidelema, na mlima haupo. Ukungu umeshuka mpaka mapajani. Wakangoja kutwa. Kesho yake wakangoja tena.

"Tuondoke, Mhina," akasema Bi Siwatu.

"Mama, vumilia kidogo. Mtu haondoki Kidelema hajauona."

Siku ya tatu ya kungoja, asubuhi, baridi kali, Mhina akasugua viganja akasema, "Mama, hivi hata uji hakuna?"

Nawauliza nyinyi, safari ile ilikuwa ya nani? Ya nani? Mwasiti alikuwa amejifunika blanketi mbili, angeweza kuamka akakoroga uji. Hakuamka. Sempombe alikuwa anafunga mizigo. Na Bi Siwatu, kwa mazoea ya miaka thelathini, mikono ilishaokota kuni kabla kichwa hakijakataa. Akainamia moto, akapuliza, moshi ukamjaa machoni.

Na hapo hapo ukungu ukafunguka.

"Lo!" akapiga kelele Mhina. Mwasiti akatupa blanketi. Sempombe akasimama na kamba mkononi, mdomo wazi. Kidelema mzima, juu mpaka chini, mweupe kileleni, jua limeupiga. Wakatazama wote watatu. Bi Siwatu alisikia zile kelele za kushangaa, akainuka, akafikicha macho, moshi unamchoma, machozi yanamtoka, anageuka huku, anageuka kule. Hakuna aliyemkimbilia. Hakuna aliyemshika mabega akamgeuza upande unaotakiwa. Alipoweza kufumbua, ukungu ulikuwa umeshafunga.

"Mama," akasema Mhina, bado anahema kwa furaha, "Mama, umekosa!"

Bi Siwatu akakiinua kile chungu cha uji kwa mikono miwili, kilivyo cha moto, akakibamiza juu ya jiwe. Uji ukaruka mpaka kwenye masikio ya punda.

"Sipiki tena!" akasema. "Mmesikia? Sipiki! Mle ukungu!"

Kwa siku tatu pale mlimani baridi ilikuwa imeshamwingia kifuani. Njiani kwenda Bombwe akaanza kukohoa, kisha akaanza kutetemeka, kisha akaacha kutetemeka, na hilo la mwisho ndilo baya zaidi. Walipofika kwenye chemchemi midomo imekuwa ya majivu. Mwasiti akavua nguo zake za juu, akaingia kwenye maji moto akiwa amempakata mama yake kama mtoto. Akakaa naye mchana, akakaa naye kesho yake. Alimlisha muhogo alioutafuna kwanza yeye. Siku ya pili Bi Siwatu akafungua macho akatukana, na wote wakajua kwamba amepona.

"Twende ziwani," akasema.

"Bado, Mama," akasema Mwasiti. "Kifua hakijatulia. Kesho."

"Mwasiti, siku zinakwisha."

"Afadhali siku ziishe kuliko wewe uishe. Hutoki hapa leo, hata ukinipiga."

Na hakumtoa. Akaificha hata mikanda ya kufungia matandiko ya punda. Ikapita siku nzima zaidi. Walipoondoka Bombwe siku tisa zilikuwa zimekwisha, zimebaki tatu. Kutoka ziwani mpaka mjini ni siku mbili. Kutoka Bombwe mpaka ziwani, kwa njia ya juu, ni siku mbili nyingine. Hesabu hiyo hata punda wanaijua. Mhina akasema, "Basi, turudi nyumbani. Ziwa litasubiri mwakani."

Mwakani! Anamwambia nani mwakani? Bi Siwatu aligeuza uso akautazama mwamba uliokuwa mbele yake, na hata ule mwamba aliuona nusu.

Sempombe akasema, "Ipo njia ya chini. Siku moja."

Ilikuwapo kweli. Inakatiza uwanda wa magadi makavu, mweupe, tambarare, hauna mti. Sempombe alijua pia kwamba kipupwe, jua likishapita utosini, upepo huamka katika uwanda ule na kuinua magadi yote hewani. Alijua. Akanyamaza tena. Alijua angesema, Mhina angekataa, Mwasiti angelia, na shangazi yake angerudi nyumbani hajaona kitu. Akajiambia tutatoka mapema, tutavuka kabla ya upepo. Akacheza kamari kwa macho ambayo si yake.

Walitoka mapema, lakini punda walichoka. Jua likapita utosini wakiwa bado katikati, na upepo ukaamka.

Mliwahi kuingiwa na sabuni machoni? Hiyo ni mchezo. Bi Siwatu alijifunika kanga mbili na vumbi likapita katika zote mbili. Akalia kwa sauti, yeye ambaye hakulia alipojifungua. Walipofika chini ya ukingo, alasiri, kope zimevimba na kufungana, haoni mkono wake mwenyewe.

Na ng'ambo ya ukingo, heroe wanapiga kelele.

Akainua kichwa. "Ni wao?"

"Ni wao, Shangazi," akasema Sempombe.

Wakasimama mahali pale pale. Mawe matatu ya moto wake wa zamani yalikuwapo, bado meusi. Miaka thelathini mahali hapo, na sasa amerudi kusimama hapo hapo, haoni. Punda wakauona ukingo, wakagoma.

Mhina akachuchumaa. "Mama, panda mgongoni."

"Niache."

"Panda, Mama!"

Akampandisha. Ukingo ule ni mrefu, una mawe yanayokata. Viatu vya Mhina vikakatika katikati ya njia, akaendelea bila viatu, analia, anapumua kwa shida, anaacha damu kwenye kila jiwe. Hakutua hata mara moja. Akamfikisha juu.

Juu pale Mwasiti akachukua kibuyu cha mwisho cha maji ya kunywa. Chombo cha kuoshea hakuna, chungu kilikwishavunjwa. Akajaza maji mdomoni, akamwinamia mama yake, akayatiririsha taratibu kwenye jicho, akajaza tena, akatiririsha tena, mpaka kibuyu kikakauka na midomo yake ikababuka kwa magadi. Na jicho la kushoto likafunguka, upana wa punje ya mchele.

Sempombe akamshika shangazi yake mabega, akamgeuza uso. "Huku, Shangazi. Huku."

Akaona.

Alisema baadaye ilikuwa rangi ya fizi za mtoto mchanga, imejaa chini yote, halafu ikainuka. Aliona kwa muda wa kumeza tonge moja. Kisha jicho likafunga, na halikufunguka tena, wala lile la pili, wala giza halikungoja vuli.

Halafu Bi Siwatu akauliza, "Leo anapika nani?" Usiku ule hakuna aliyekula.

Siku ya kumi na mbili wakafika langoni. Mji mzima umejaa, maana habari za kuaga macho hakuna anayetaka kuzikosa. Bi Siwatu akateremka, akapapasa shingo ya punda, akaishika kamba. Na wale watatu, badala ya kungoja, wakaanza.

"Kamba ni yangu, Mama," akasema Mhina. "Ningekuacha chini ungebaki chini, kama siku zote. Tazama miguu yangu... samahani, Mama. Iguse. Huyu Sempombe ndiye aliyekupofusha kwa njia yake. Na huyu Mwasiti ndiye aliyekula siku zako."

"Kamba ni yangu, Mama," akasema Mwasiti. "Bila mimi ungezikwa Bombwe, na mgongo wa Kaka ungebeba maiti. Bila maji yangu ungefika juu ukasikia kelele tu. Aliyekupa kifua ni Mhina na mlima wake. Aliyekupa vumbi ni Sempombe."

Sempombe akasogea mbele.

"Shangazi," akasema, "mimi niliyaelewa maharage."

Akaendelea, na ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyopata kusema: "Hawa walikuchagulia vya kwao. Mimi nilichagua chako. Nilijua ukungu, nikanyamaza. Nilijua upepo, nikanyamaza. Lakini nisingenyamaza pale Bombwe, usingeona hata hicho kidogo ulichokiona."

"Alijua upepo!" akanguruma Mhina. "Mmesikia? Alijua!" Akamrukia, watu wakamshika.

"Nyamazeni!" akasema Bi Siwatu.

Wakanyamaza, hata punda.

"Mhina, ulinibeba. Sitasema hukunibeba, damu yako nimeinusa njia nzima. Lakini Kidelema ulifurahi kuniambia nimekosa. Wewe ndiye utakayeniambia kuna jua au kuna mawingu? Utakapoliona jua utanikumbuka saa ngapi? Mwasiti, ulinitoa kaburini, na maji yako ya mwisho ulinipa. Lakini wewe huniulizi kitu. Utanifunika blanketi, utaficha mikanda, utaniambia nje kubaya hata kukiwa kuzuri, ili nisitoke. Sempombe, wewe ndiye uliyenisikia. Wewe peke yako. Na ulinisikia, halafu ukanificha, ukayaweka macho yangu kwenye upepo bila kuniuliza kama nakubali. Ungeniambia, ningekubali! Ningekubali, mjinga wewe! Lakini yalikuwa macho yangu mimi!"

Akahema. Akaivuta kamba karibu na kifua.

"Na nyinyi wa Kishutu," akasema, akiugeuza uso kwa watu ambao hakuwaona, "mlikula kwangu miaka thelathini. Mkanifunga mdomo nisitaje ninachotaka, mkaniacha niseme kwa maharage. Leo mmejaa hapa kutazama. Hakuna kati yenu aliyewahi kusema, Bi Siwatu, leo panda wewe, chungu nitakiangalia mimi."

Mzee mmoja wa mji akakohoa, akasema kwa upole, "Bi Siwatu, mila ni mila. Mwenye kamba hapiti lango na kamba mkononi mwake. Lazima umpe mtu."

"Najua lazima," akasema. "Nataka kuingia nyumbani kwangu. Nimechoka, na baridi inaniingia."

Na hapo ndipo alipo mpaka sasa katika hadithi hii, amesimama nje ya lango, kamba mkononi, watu wake watatu wamenyoosha mikono na yeye haioni. Mimi nimeisimulia mara nyingi na kila mara nimempa mtu mwingine, na kila mara nikilala namsikia akinung'unika.

Sasa semeni nyinyi, na msinijibu kwa haraka. Aliyembeba, aliyemponya, au aliyemsikia? Je, nani alistahili kamba ya Bi Siwatu? Na mkisema hakuna, basi niambieni mama yule atapitaje lango.